Kona ya Shimo la Tano

Ndugu Meneja aliponiambia ninyooshe shimo la tano la uwanja wa gofu, nilimjibu, "Hakuna taabu, ndugu. Wiki hii hii litakuwa limenyooka kama rula." Nilisema hivyo kwa ulimi wangu mwenyewe, nimeshiba na nina akili timamu. Ningeweza kumwambia trekta ni bovu, na mara nyingi lilikuwa bovu kweli. Ningeweza kumwomba siku mbili nikaulize kwanza. Ningeweza hata kukataa, na adhabu kubwa ingekuwa kupelekwa korona, kwenye mashine ya kusindika mkonge, nisimame mbele yake nikipokea nyuzi. Watu wengi walio bora kuliko mimi waliifanya kazi hiyo mpaka wakazeeka. Sikukataa. Nimekubali mambo mengi ya kijinga katika maisha ya kazi, lakini hilo ndilo ninalotamani lirudi mbele yangu ili nilikatae.

Nyinyi vijana wa idara ya viwanja mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa zamani, maana mmesikia kwamba shamba letu liliwahi kuwa na uwanja wa gofu na hamkuamini. Siwalaumu. Ukisimama leo nyuma ya zahanati unaona mahindi, mbuzi wa mganga na nguo za wauguzi zimeanikwa. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara haukuwa mrefu kiasi cha mtu kushindwa kuuruka.

Nilikuja hapo shambani miaka ya mwisho ya ukoloni, nikitokea kwetu Sindeni. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, jambo ambalo kwa Sindeni ya siku zile lilitosha kumfanya baba yangu mzazi aniulize maoni kuhusu mvua. Basi likanishusha Korogwe ya zamani, kule karibu na mto, nikatembea kufuata reli mpaka shambani, mbele ya Ngombezi. Kichwani mwangu nilikuwa tayari nimekaa kwenye meza ya karani, kalamu sikioni. Bwana wa shamba akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe soma? Basi wewe hesabu mpira."

Hivyo nikawa karani wa klabu. Kazi yangu ilikuwa kutunza fimbo na mipira ya gofu ya mabwana, na kusaidia kutengeneza uwanja chini ya mnyapara wake, Mzee Maganga.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye duara la mchanga mweusi, anaumwagilia oili chafu kwa kopo kama mtu anayemwagilia mchicha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi, kijana?"

"Sindeni, Handeni."

Aliweka kopo chini, akatazama juu mbinguni. "Mungu mkubwa," alisema. "Nimeomba msaidizi, ameniletea mtumwa. Haya, vua hivyo viatu, Mzigua. Ni vya bwana wako."

Kwa wale mliozaliwa juzi: sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani wako anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakula chakula chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wazee wanakutoza faini. Dawa yake ni moja tu, kumrudishia kubwa zaidi. Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na manamba, akamaliza mkataba na hakurudi kwao. Alishinda na viatu vyangu siku nzima, vidole vyake vidogo vimetokea pembeni, na mimi nikafanya kazi pekupeku. Saa ya mapumziko nilifungua furushi lake nikala viazi vyake vikavu vyote.

"Pole na mzigo wa njia," nilimwambia huku nikitafuna. "Babu zako walibeba kichwani kutoka Tabora mpaka pwani ili nije kula mimi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo niliajiriwa kweli.

Sasa uwanja wenyewe. Watu husema gofu huchezwa kwenye majani mabichi. Labda kwao. Hapo kwenye shamba letu jua lilikuwa halituruhusu, kwa hiyo pale mwisho, penye bendera na kishimo, badala ya majani tulitengeneza duara la mchanga uliochanganywa na oili iliyotumika gereji. Mabwana walikuwa na jina lao. Sisi tuliita chapati, kwa sababu ilikuwa ya mviringo, imeungua, na ina mafuta. Mchanga tuliutoa Mto Pangani tukauchekecha. Kipimo cha oili alinifundisha Mzee Maganga: ukiufumbata mchanga mkononi, ubaki na alama za vidole lakini usikuachie mng'aro wa mafuta kwenye kiganja. Oili ikizidi, mpira unakwama kama nzi kwenye asali. Ikipungua, upepo wa mchana unaihamisha chapati yako mpaka kwa jirani. Wachezaji wakishapita unaburuta gunia lililofungwa kwenye bomba, kufuta alama za viatu vyao vya misumari. Ndani ya kishimo tulizika kopo la maziwa ya unga. Hiyo ndiyo sayansi yote, na bado sijaona chapati nzuri kama zake.

Uwanja ulikuwa na mashimo tisa, yaani njia tisa, kila moja na chapati yake mwisho, na kama mngeuona msingeuelewa mpaka mumjue aliyeuchora. Aliuchora yule bwana wa shamba, tuliyemwita Bwana Kiberiti kwa sababu alikuwa mwembamba na anawaka haraka. Ugonjwa wa Bwana Kiberiti ulikuwa mmoja: kila mpira alioupiga ulikwenda kulia. Angelenga Tanga, mpira ungekwenda Lushoto. Badala ya kujirekebisha, alirekebisha uwanja. Kila mwaka tulifyeka kulia, kila shimo, mpaka kulia kote kukawa kweupe na kushoto kukabaki pori. Wageni waliokuja na mipira yao iliyonyooka walishangaa kwa nini nyani wote wako upande mmoja.

Shimo moja tu halikumfuata, nalo ni la tano. Ukisimama pa kuanzia unaiona bendera mbele yako, na njia ingepaswa kwenda moja kwa moja. Lakini katikati ya safari ilijikunja kushoto na kukizunguka kichaka cha minyaa kipana kama kibanda, halafu ikarudi. Mnaijua minyaa, utomvu wake ukiingia jichoni utalia mpaka usahau jina lako. Mipira ya Bwana Kiberiti, kwa kuwa ilikwenda kulia, iliingia humo kila Jumamosi kama watoto wanaokwenda chuoni. Alitaka kukikata. Lakini wageni kutoka Tanga waliisifu sana ile kona. Mmoja aliitembelea mbele na nyuma, akaichora kwenye karatasi, akasema ni kona ya mtu mwenye akili nyingi na kwamba atatengeneza kama hiyo klabuni kwao. Bwana Kiberiti alikohoa kidogo, akasema alifikiri kwa muda mrefu kabla ya kuiweka. Mzee Maganga alikuwa nyuma yao amebeba mfuko wa fimbo, uso umetulia kama mtu aliye msikitini. Baada ya sifa zile, kichaka hakikuguswa tena.

Bwana Kiberiti alichora kwenye karatasi, lakini aliyepigilia vigingi ardhini alikuwa Mzee Maganga. Kwa hiyo nilimuuliza yeye: kwa nini njia ikunjwe pale?

"Kuna nyoka," alisema. "Mkubwa. Anakula Wazigua."

Mwezi uliofuata nikamuuliza tena. "Siku ya kupigilia vigingi bwana alikuwa amelewa, na mimi nilimfuata alivyoyumba." Mara nyingine akaniambia ndani mna jini anayevuta kiko na hapendi kelele. Mara nyingine tena aliniinamia sikioni kama anayetoa siri. "Pale ndipo zilipozikwa akili za Wazigua wote. Ndiyo maana ni padogo."

Mipira ikiingia minyaani, yeye peke yake ndiye aliyeifuata; wabeba fimbo wengine aliwakataza kuingia. Siku moja nilichungulia nikaona ndani pamefagiliwa, safi kama ua wa nyumba. Nilijua moja kwa moja kwamba anaficha pombe. Nilitafuta kwa macho nisione mtungi, nikamheshimu zaidi kwa ufundi wa kuficha.

Uhuru ulipokuja tulisimamisha kazi, tukacheza ngoma siku mbili, siku ya tatu tukaburuta gunia kama kawaida. Mabwana walianza kuondoka mmoja mmoja. Klabu ikafunguliwa kwa wote, na wa kwanza kuingia alikuwa ofisa utumishi mpya, kijana wa Kisambaa aliyesoma ng'ambo na kujifunza gofu huko. Alicheza vizuri, ila alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na mipira yake ilikosea kwenda kushoto, kwenye lile pori la nyani. Aliniita ofisini.

"Ndugu Mhando, umewahi kuona kwamba uwanja huu ni wa kikoloni?"

"Kwa namna gani, mzee?"

"Unapendelea mkono wa kulia."

Basi tukafyeka na kushoto. Miaka ya nyuma tulifyeka kulia kwa ajili ya ukoloni, sasa tukafyeka kushoto kwa ajili ya uhuru, na mafyekeo yalikuwa yale yale. Uwanja ukawa mweupe pande zote kama wa ndege. Nyani walihamia kwa Mhindi wa mashine ya kusaga. Kichaka cha minyaa kilikuwa kulia, kwa hiyo hakikumsumbua. Mzee Maganga alikuwa akiegemea fyekeo lake na kuniambia, "Subiri, Mzigua. Akija bosi asiye na mikono tutapumzika."

Nieleze kidogo tulivyokuwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mzee Maganga hakuwahi kuniita kwa jina. Niliitwa mtumwa, mla bada ya muhogo, mchawi wa Handeni, na siku za kiangazi kwetu tulipokosa mvua aliniamkia kwa kunipa punje moja ya mahindi, "tuma nyumbani." Nilipooa, alikuja harusini akakaa kwenye kiti cha bwana harusi na akakataa kuinuka mpaka alipopewa jogoo. Mama yangu alipofariki, alikwenda na mimi mpaka Sindeni, akaingia kaburini akalala chali, akasema pazuri, hatoki, mama atafutiwe pengine. Watu walikuwa wanalia, wakaanza kucheka, na mimi nikacheka nao. Sijui ningeipitaje siku ile kama asingekuwepo. Mtani ndiye mtu anayeruhusiwa kukucheka mahali ambapo wengine wote wanaogopa kukugusa.

Baada ya Azimio mashamba yakawa mali ya umma, na akaletwa Ndugu Meneja. Siku ya kwanza nilimtembeza uwanjani. Alitazama, akauliza, "Nyasi zote hizi zinaliwa na nani?" Nikasema haziliwi. "Basi ndiyo kosa lenyewe," alisema. Ilikuwa miaka ya kilimo, kila kipande cha ardhi kilitakiwa kijieleze. Kutoka shimo la sita mpaka la tisa pakapandwa mahindi, na sikuona ubaya, hata mimi nilikula. Tulibaki na mashimo matano. Mchezaji akimaliza la tano alirudi la kwanza, kama ng'ombe wa kukamua.

Halafu Ndugu Meneja akasikia kwamba mkubwa mmoja kutoka makao makuu, ambaye angekuja kututembelea, anapenda gofu. Ghafla nyasi zikawa na maana. Aliniita nimfundishe. Nilimfundisha kila jioni, na nasema kweli tupu kwamba alikuwa na pigo moja, la chini na la moja kwa moja, mpira unatambaa kama panya anayewahi ghalani. Shimo la kwanza mpaka la nne alifika. Shimo la tano, mpira uliingia minyaani kila siku.

"Tatizo si mimi, Ndugu Mhando," alisema akiifuta fimbo. "Tatizo ni kona. Kona ni fikra za kinyonyaji. Njia ya mjamaa imenyooka."

Hapo ndipo nilipojibu kwamba hakuna taabu. Niwaambie na sababu, kwa kuwa sikumwogopa kiasi hicho. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeutengeneza uwanja kwa makosa ya watu wengine, kulia kwa mmoja, kushoto kwa mwingine. Nilitaka na mimi niwe na shimo moja nililolichora mwenyewe. Niliichukua karatasi nikapiga mstari kwa rula, nikautazama, nikajiona mhandisi.

Nilimkuta Mzee Maganga nyuma ya gereji anachekecha mchanga. Umri ulikuwa umemkunja mgongo, lakini mikono ilikuwa bado ile ile.

"Mnyamwezi, weka chekeche chini. Kesho trekta linapita kwenye minyaa yako."

"Halipiti," alisema.

"Linapita. Ndugu Meneja amesema, na mimi nimechora."

"Mwambie pale amelala mke wangu."

Nilicheka. "Leo ni mke? Juzi alikuwa jini anavuta kiko."

"Nyamizi," alisema. "Alikufa na homa, mvua zetu za kwanza hapa. Kambi ya manamba ilikuwa pale kabla hawajaihamisha. Nilimzika nyuma ya nyumba, kama kwetu. Nyumba waliibomoa, yeye akabaki."

Nilikuwa nimemjua miaka mingi na sikuwahi kulisikia jina hilo. Lakini pia nilikuwa nimesikia habari za nyoka, za ulevi na za akili za Wazigua, na zote alizitoa kwa uso ule ule mkavu. Nilidhani ananitega. Nilidhani nikisikitika tu, atajipiga mapaja acheke, na kambi nzima itajua kesho yake kwamba Mzigua aliombolezea kichaka. Kwa hiyo nilimrudishia kubwa zaidi, kama desturi.

"Basi mwambie asogee kidogo," nilisema, "tunapita."

Alinitazama. Mimi nikasubiri jibu lake, nimeshajiandaa kwa tusi la kunivunja mbavu. Aliinua chekeche, akalitikisa, mchanga ukashuka.

"Haya," alisema.

Niliondoka pale nikipiga mluzi. Tangu siku ya viatu hakuwahi kukosa la kunijibu, na nilijihesabu kwamba hatimaye nimemshinda.

Kesho yake trekta lilifika likiwa na jembe. Minyaa ililala kwa urahisi, ikamwaga maziwa yake kila mahali, na tukarudi nyuma kulinda macho. Dereva alipita, akageuka, akapita tena. Ndugu Meneja alikuwa amesimama kwenye baraza ya klabu anatupungia mkono tuendelee. Safari ya tatu jembe liligonga kitu, likakitupa juu ya udongo. Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kwa matumizi ya mwanamke, na pembeni yake vigae vya chungu.

Dereva alizima mashine. Akavua kofia. "Mhando," alisema, "hapa ni kwa mtu."

Nilisogea. Mistari ya jembe ilikuwa imekwisha kupita huku na huku, udongo umepinduliwa wote, na hakuna ambaye angeweza tena kusema kichwa kilikuwa wapi na miguu ilikuwa wapi. Nililitazama lile jiwe nikaelewa kufagiliwa kwa kichaka, na kwa nini wabeba fimbo walikatazwa kuingia, na kwa nini kona, iliyosifiwa na watu wa Tanga mpaka wakaichora, ilikunjika pale na si pengine.

Mzee Maganga alikuja akiwa amevaa shati lake jeupe, la sikukuu. Hakumtazama dereva, hakunitazama mimi. Aliokota jiwe, akalipangusa kwa kiganja. Alitoa kitambaa mfukoni akakisokota kata, akakiweka kichwani, akainua lile jiwe zito akalitua juu yake. Mzee wa mgongo uliokunjika, amenyooka chini ya mzigo kama mtu wa misafara. Maneno ya kumtania yalinijia yenyewe mdomoni, kwa mazoea ya miaka, yale yale ya babu zake na Tabora. Niliyameza. Nilikuwa nimesimama kwenye njia yake bila kujua.

"Samahani, Bwana Mhando," alisema. "Naomba nipite."

Mgeni wetu mkubwa alikuja wiki ile. Chapati zilikuwa zimepakwa upya, fimbo zinang'aa, Ndugu Meneja amevaa soksi ndefu. Tulimpeleka moja kwa moja kwenye shimo langu. Alisimama, akalitazama likienda mbele yake bila kizuizi mpaka kwenye bendera, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi sana," alisema. "Nani alipanga hapa?"

"Ndugu Mhando," Ndugu Meneja alisema, akanisukuma mbele.

"Kazi nzuri, ndugu. Ardhi imenyooka, trekta linakwenda na kurudi bila kuhangaika kugeuka." Kisha akatugeukia wote. "Sasa mbona hamjapanda?"

Ilibainika kwamba gofu aliacha zamani kwa sababu ya mgongo. Mvua zilipoanza, mashimo yote matano yalikuwa mahindi. Shimo pekee nililolichora maishani mwangu lilichezwa na mtu mmoja, Ndugu Meneja, jioni mbili. Nasikia hata leo mistari ya pale ndiyo iliyonyooka kuliko yote.

Mimi nilihamishiwa kwenye uwanja wa mpira wa miguu, bustani za ofisi, na makaburi ya kambi. Ndiyo, makaburi. Wale mnaosema kwamba sehemu hiyo niliitunza kuliko zote, mmeona sawa. Na kama mnataka funzo la kazi kutoka kwangu, ni hili tu: kabla ya trekta kupita, ulizeni pana nini. Wakishawajibu na mkamaliza kucheka, ulizeni tena.

Mzee Maganga hakunisema kwa mtu. Hakunikunjia uso. Tulipokutana aliniambia, "Habari za asubuhi, Bwana Mhando," nikamjibu, akapita. Nilijaribu kumchokoza. Nilimtukana kutwa, nikataja miguu yake, viazi vyake, ukoo wake mpaka wa saba. Alisikiliza mpaka mwisho kama anayesikiliza taarifa ya redio, akasema, "Asante, bwana." Nilikwenda kwake kumwomba radhi, akanikaribisha kwenye kiti kizuri. Jiwe lilikuwa pale uani, chini ya ukuta, pamefagiliwa.

"Yamekwisha, Bwana Mhando," alisema.

"Basi nitoze faini, mzee. Waite na wazee. Mbuzi, ng'ombe, chochote."

"Faini anatozwa mtani," alisema, akanimiminia chai.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na alikuwa na adabu kwangu mpaka mwisho. Alipofariki nilichukua jembe langu nikaenda mapema, kwa sababu kuchimba na kufanya vituko msibani ni haki yetu Wazigua kwa Mnyamwezi. Mpwa wake, kijana mpole aliyekuja kwa treni kutoka Tabora, alinipokea kwa mikono miwili, akaliegemeza jembe langu ukutani.

"Shikamoo, mzee. Mjomba aliacha neno. Alisema wewe ukija, ukae na wageni."

Nilipewa kiti kivulini na chai ya maziwa. Wazigua wengine wa kambi, waliomjua nusu tu ya nilivyomjua, walivaa magunia, wakaiga anavyopaka oili chapati, mmoja akaingia kaburini akalala na kudai jogoo. Watu walicheka vizuri. Mimi nilikaa na kikombe changu mkononi mpaka chai ikapoa. Jiwe la kusagia walilishusha mle ndani pamoja naye.

Nimestaafu sasa, nimerudi Sindeni. Nina mke, watoto, wajukuu, na jina zuri. Nikipita njiani wananiamkia shikamoo kuanzia kisimani mpaka sokoni, na hakuna anayenivua viatu. Kunyoosha lile shimo hakukunigharimu kazi wala mshahara. Kulinigharimu mtani wangu. Siku nitakapokufa watanizika kwa heshima kubwa, na hakuna hata mtu mmoja atakayeingia kaburini mwangu na kukataa kutoka.